Somo: Mtoto anayesema "tutu" badala ya "kuku"

Wazazi wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini, nafundisha chekechea hapa Mbeya, na hakuna mwaka nisioletewa mtoto anayechekwa kwa anavyotamka. Naomba kumcheka kukome leo. Mtoto huyu si mjinga, wala hajidekezi.

Hatua ya 1: masikio
Baridi ya Juni na Julai huku kwetu huja na mafua yasiyoisha, na mafua yanaweza kuacha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto ataitika ukimwita, lakini sauti nyepesi kama s na f zinampita. Mpeleke kitengo cha masikio, pua na koo apimwe usikivu kabla ya lolote. Wamwangalie na kaakaa.

Hatua ya 2: daftari
Andika maneno vilevile anavyoyatamka. Utaona makosa yana utaratibu: kila k inageuka t, au kila s inageuka t. Akiwa na miaka 2 ni kawaida. Akifika 4, hata mgeni anatakiwa amwelewe karibu yote. R huchelewa, msiihangaikie mapema.

Hatua ya 3: saa na taa
Hapa ndipo kazi ilipo. Chora saa kwenye karatasi moja, taa kwenye nyingine. Kwanza taja wewe, yeye aonyeshe. Kama bado hatofautishi kwa kusikia, usimdai atamke. Kisha yeye aombe, nawe umpe kile hasa alichotamka. Akitaka saa akasema "taa", mpe taa. Atashangaa, atajaribu tena, na mshangao huo unamfundisha kuliko kukaripiwa "sema vizuri". S ikishatoka peke yake, nendeni kwenye sa, su, halafu neno, halafu sentensi. Dakika 10 kwa siku zinatosha, akiwa ameshiba.

Kwa k, mlaze chali aseme "ka". Ulimi hurudi nyuma wenyewe. Na kwenye maongezi ya kawaida akisema "tutu", mjibu tu: "Ndiyo, kuku anakula."

Maswali ya wanachama

*Mama wa Uyole:* Shikamoo mwalimu. Bibi yake anataka akatwe kimeo. Kukikata kunasaidia?

Marahaba. Msimkate, nakusihi. Kimeo hakihusiki kabisa na k wala s, na kukikata nyumbani huleta kuvuja damu na maambukizi yanayoweza kuua. Nendeni na bibi hospitali, aelezwe kwa heshima na daktari mwenyewe.

*Baba wa Tukuyu:* Wangu ana miaka 6, anasema "lafiki". Na mimi nasema hivyohivyo.

Hilo si tatizo la matamshi, baba. Ni lafudhi ya nyumbani. Shuleni atajifunza r taratibu, asiadhibiwe.

*Mama wa Makambako:* Wangu wa miaka 3 alikuwa anaongea, sasa maneno yanapotea.

Pole, mama. Huyo msianze na picha. Mpeleke hospitali wiki hii, na daftari lako ulibebe.