Ukurasa wa swichi ukigoma kufunguka, usikimbilie riseti

Mama mmoja mwenye duka la vipuri Kariakoo, Mtaa wa Livingstone, alinipigia simu asubuhi kabla sijavuka Jangwani. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, mashine za mauzo zinafanya kazi, ila kijana wangu anataka kuongeza kamera na ukurasa wa swichi haufunguki. Anasema abonyeze kile kitundu." Nikamwomba sana asikiguse mpaka nifike. Swichi ni kile kisanduku kinachounganisha mashine na kamera za duka kwa kebo; ukurasa wake unafunguliwa kwenye kivinjari ili kuipanga.

Kitundu kile ndicho riseti. Ukikibonyeza kwa pini sekunde kadhaa, swichi inarudi ilivyotoka kiwandani: VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) ya kamera, VLAN ya mauzo, nenosiri, vyote vimefutika. Na kama mashine bado zinauza, swichi ni nzima. Kilichopotea ni njia ya kuifikia tu.

Anza na taa. Zikipepesa zote kwa kasi bila kutulia, huenda kuna kitanzi: mtu amechomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi hiyohiyo. Chomoa kebo moja moja mpaka zitulie. Kwa mama zilikuwa shwari.

Kisha njoo kwenye laptopu. Zima waifai, chomeka kebo, ipe anwani kwa mkono. Swichi ikiwa 192.168.0.1, laptopu iwe 192.168.0.50, maski 255.255.255.0. Piga pingi, yaani andika ping na anwani ya swichi uone kama inajibu. Ikijibu na ukurasa bado umegoma, andika http:// mwenyewe mbele ya anwani, maana vivinjari vya siku hizi hupenda kukupeleka https. Isipojibu, jaribu poti (tundu la kebo) nyingine. Huenda uliyochomeka iko kwenye VLAN isiyoruhusiwa kuiendesha swichi.

Pale dukani pingi ilijibu, lakini ukurasa uliofunguka ulikuwa wa ruta, kile kifaa cha kuleta intaneti! Hapo nikaandika arp -a, amri inayoonyesha laptopu inakumbuka kifaa gani kwa kila anwani, nikalinganisha namba ya MAC (kitambulisho cha kifaa chenyewe) iliyotokea na ile ya kwenye stika chini ya swichi. Hazikufanana hata tarakimu za mwanzo. Kijana alikuwa amenunua ruta mpya juzi yake, nayo imetoka kiwandani na 192.168.0.1, anwani ileile ya swichi. Mgongano wa namna hii nauona mara nyingi, kwa hiyo stika ile isomeni mapema.

Nikachomoa kebo ya ruta, nikafuta kumbukumbu hiyo ya laptopu kwa arp -d, ukurasa wa swichi ukafunguka. Nikaipa swichi 192.168.0.2, nikaingia tena kwa anwani mpya, nikabonyeza Save. Hatua hii ndiyo inayoniumiza roho watu wanapoiruka: kwenye swichi nyingi mabadiliko hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, umeme ukikatika jioni yamekwenda.

Tukapakua faili la mipangilio kwenye flashi ya mama, kijana akaandika anwani mpya kwa kalamu ya wino mzito juu ya swichi, nikairudisha kebo ya ruta. Kamera yake aliiongeza mwenyewe.