Somo: Kupanga kuboresha sayansi katika shule za kaunti ndogo

Walimu wenzangu, na nyinyi mnaokaa kwenye bodi za shule: tukiitwa kupanga mambo ya sayansi, karatasi ya kwanza kufika mezani huwa orodha ya kununua. Naomba tuiweke kando kwanza. Tangu Gredi ya 7 ianze mwaka 2023 ndani ya shule za msingi, madarasa mengi hapa Nairobi yanafundisha Sayansi Jumuishi, yaani fizikia, kemia na biolojia katika somo moja, bila maabara. Tukingoja majengo, kuna watoto watakaomaliza Gredi ya 9 bila kufanya jaribio hata moja kwa mikono yao.

Hatua ya 1: Hesabuni majaribio, si vifaa. Chukueni madaftari matano kutoka kila shule, ya muhula uliopita. Tafuteni kurasa ambazo mwanafunzi ameandika alichokiona mwenyewe, si alichonakili ubaoni. Hatua hii inauma, na ndiyo nisiyotaka mtu airuke. Nilipoifanya mara ya kwanza nilikuta shule yenye kabati zima la vifaa, kufuli limeshika kutu, madaftari hayana jaribio. Shule jirani, darasa la mabati, watoto walikuwa wamechora sumaku walizotoa kwenye spika mbovu.

Hatua ya 2: Chagueni mada moja kwa muhula. Moja tu. Asidi na besi inafaa kuanzia. Chemsha maua mekundu ya hibiskasi ya kwenye ua, chuja, ugawe maji yake. Ukitia ndimu, ambayo ni asidi, yanakuwa mekundu. Ukitia magadi, ambayo ni besi, yanaelekea kijani.

Hatua ya 3: Walimu wa kanda wakutane wafanye jaribio lenyewe kabla ya kulipeleka darasani. Aliyesomea hisabati na fizikia sasa anafundisha pia seli na kemia, na si haki kumwacha ajifunzie mbele ya wanafunzi. Mradi wa SMASSE, wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika sekondari, ulioanza 1998, ulitufunza mwendo huu: panga, tenda, tazama, boresha. CEMASTEA, kituo cha mafunzo ya walimu wa hisabati na sayansi kule Karen, bado wanaufundisha.

Hatua ya 4: Ratiba. Dakika 40 zinaisha vikombe vikigawanywa. Mwombeni mwalimu mkuu aunganishe vipindi viwili, mara moja kwa wiki.

Hatua ya 5: Mwisho wa muhula, rudini kwenye madaftari yaleyale na mhesabu tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, darasa langu lina wanafunzi 90. Nitaanzia wapi?
Pole, mwalimu. Wagawe nusu kwa nusu: wengine wafanye jaribio, wengine wachore na kuandika wanachotarajia kuona, kisha wabadilishane. Kila kundi watoto sita, na karani abadilike kila wiki, la sivyo wasichana ndio watakaoandika kila siku huku wavulana wakishika vifaa. Nimeliona hilo mara nyingi mno.

Mimi ni mzazi. Usalama je?
Swali muhimu, mama. Kuchemsha afanye mwalimu, mapema, mbali na madawati. Watoto wapewe maji yaliyopoa, na mtu asionje chochote, hata ndimu. Asidi kali ya dukani isiingie darasani.

Bodi yetu itatenga pesa za nini basi?
Maua, ndimu na magadi hayatawashinda. Pesa zenu ziende kwenye nauli na chai ya walimu siku ya mkutano wa kanda. Nimeona mipango mizuri ikifa kwa sababu mwalimu alitoa nauli mfukoni mara mbili, mara ya tatu akabaki nyumbani.