Enzaimu zilizoungana zikifanana umbo, ni ukoo (zimetoka kwa babu mmoja) ama zimekutana tu (kila moja imefika hapo kivyake)? Fuata hatua hizi

Ile SP, dawa ya kukinga malaria, anayopewa mama mjamzito kliniki huku Pwani ina dawa mbili, na zote zinapiga enzaimu za kimelea cha malaria zilizoungana mbili mbili kwa mnyororo mmoja: pairimethamini inapiga DHFR iliyoshikana na TS, salfadoksini inapiga DHPS iliyoshikana na PPPK (vifupi hivi vyote ni majina ya enzaimu). Kwa binadamu DHFR na TS kila moja iko kivyake. Leo tunatumia hiyo DHFR.

Hatua ya 1. Daunilodi faili za umbo, 1J3I ya kimelea na 1DRF ya binadamu, kutoka Protein Data Bank (hifadhi ya mtandaoni ya maumbo ya protini), ni bure, hata ukiwa saiba ya Mwembe Tayari. Fungua na PyMOL, programu ya kutazama na kulinganisha maumbo ya protini.

Hatua ya 2, na hapa tulia kabisa: kata kabla hujalinganisha. Mnyororo ni asidi amino 608, DHFR ni 1 mpaka 231, halafu kiungo mpaka 320, zinazobaki ni TS. Ukilinganisha nzima nzima domeini moja (sehemu ya protini inayojikunja kivyake) inaweza kukupa alama nzuri ukadhani zote zinafanana, kumbe ni upande mmoja tu.

Hatua ya 3. Tumia amri ya PyMOL iitwayo cealign, inayolinganisha umbo, si align, manake align inaanzia kwa mfuatano wa asidi na ukiwa umeachana sana inakupoteza. Utaona DHFR mbili zinalaliana, na vipande vinafuatana vile vile toka mwanzo hadi mwisho. Huo ni ukoo.

Hatua ya 4. Sasa ona kukutana kwenyewe. Chukua 4CHA, kaimotripsini ya ng'ombe, na 1SBT, subtilisini ya bakteria. Mikunjo, yaani jinsi minyororo ilivyojikunja, haihusiani hata kidogo. Kwa amri ya pair_fit shikanisha asidi tatu tu zinazofanya kazi ya kukata, atomu zile zile pande zote: histidini 57, aspatiki 102 na serini 195 juu ya 64, 32 na 221 (kaimotripsini imekatika minyororo mitatu, hivo histidini na aspatiki zitafute B, serini C). Zinakaa pahali pamoja, wallahi inapendeza! Halafu soma namba: moja inaanza na histidini, nyingine na aspatiki. Mkunjo mwingine, mpangilio mwingine, kazi ile ile ya kukata protini, hapo ndo useme zimekutana.

Hatua ya 5. Muungano nao upime peke yake, usiuchanganye na umbo. Angalia domeini gani inatangulia: kwa kimelea cha malaria na kwa Leishmania (kimelea kingine) ni DHFR mbele, TS nyuma. Ukipata kiumbe kimezipanga kinyume, domeini zinaweza kuwa za ukoo mmoja lakini muungano ukawa umetokea mara mbili.