Somo: Kutoa kabureta na kuweka nozeli kwenye Datsun 160J yenye tabo

Wadau, habari za Jumapili. Wengi mmenifuata mkiniuliza kuhusu ile Datsun 160J yangu yenye tabo (turbo), niliyotoa kabureta nikaweka nozeli (injekta, za kunyunyiza petroli kwa amri ya kompyuta), nimeona niandike yote mara moja ili hata atakayekuja mwakani aikute kazi imeelezwa.

Gari lenyewe lina injini ya L16, sisi (cc) 1595. Ni la ukoo wa zile Violet alizoshindia Shekhar Mehta Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Aliyekuwa nalo kabla yangu alilifunga tabo ya Garrett T25, akaiacha kabureta ile ile isukumiwe hewa. Nguvu ilikuwepo. Shida ilikuwa foleni ya Ubungo: likizima, haliwaki mpaka lipoe. Kwenye L16 njia ya hewa na eksozi ziko upande mmoja wa hedi, kwa hiyo tabo inaungua chini kabisa ya kabureta na petroli inachemka ndani ya bakuli lake. Kwa joto la Dar la Februari hakuna jeti (kitundu cha petroli cha kabureta) itakayotibu ugonjwa huo.

Kabla ya yote naomba mshike neno moja: kazi hii haianzi na kompyuta, inaanza kwenye tenki. Watu wengi wananunua kompyuta kwanza kwa sababu ndiyo inayovutia, halafu wanaikaanga pistoni kwa ajili ya mpira wa petroli.

Hatua ya 1: Petroli

Kabureta inaridhika na presha ya robo ya baa (bar). Nozeli zinataka baa 3. Ile pampu ya asili iliyo mbele ya hedi, inayosukumwa na kemshafti, haiwezi, itoe. Tundu lake lizibe kwa kibati cha aluminiamu chenye gasketi, la sivyo utaoga oili.

Tenki lishushe ulioshe. Kutu iliyolala humo miaka arobaini ilikuwa haiisumbui kabureta sana, lakini tundu la nozeli ni jembamba mno. Weka filta kabla ya pampu na nyingine baada yake.

Pampu ya umeme ikae nyuma, chini ya usawa wa petroli, maana inajua kusukuma, kuvuta haijui. Halafu kuna suala la kona. Petroli ikiwa robo tenki, ukikata kona kwa nguvu inakimbilia upande mmoja na pampu inameza hewa. Zamani bakuli la kabureta lilikuwa linakuvusha. Kwenye nozeli hakuna bakuli. Mimi nimechongesha kitenki kidogo cha lita 1.5: pampu ya presha ndogo inakijaza muda wote, ya presha kubwa inachota chini yake. Piga na bomba la kurudishia petroli tenkini. Regyuleta ya presha iunganishwe na manifoldi (bomba la kugawia silinda hewa) kwa kimpira, ili tabo ikisukuma nusu baa, presha ya petroli nayo ipande kutoka 3 hadi 3.5. Mipira yote iwe ile iliyoandikwa SAE J30R9. Mpira wa kabureta ukipewa baa 3 utapasuka, na utapasukia juu ya eksozi.

Hapa ndipo nilipoumia. Pampu yangu ya kwanza niliuziwa kama mpya, ndani ya boksi zuri. Gari likisimama inasoma baa 3 safi. Tukaingia barabarani, tabo ikasukuma, na badala ya kupanda, presha ikashuka, nami sikuwa na geji ya kuniambia nikiwa naendesha. Nilisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, sekunde mbili tu. Nilipofungua plagi ya silinda ya 3, kwenye ile kauri nyeupe kulikuwa na vipunje vinang'aa, vidogo kuliko chembe za chumvi. Nikavigusa kwa ukucha, havitoki. Ni aluminiamu ya pistoni iliyoyeyuka na kurukia pale. Niliishika ile plagi muda mrefu bila kusema neno na fundi mwenzangu.

Tangu siku hiyo geji ya presha ya petroli iko nje, mbele ya kioo, ninapoiona nikiendesha. Isiingizwe ndani ya gari, mpira wake ukivuja utakuwa umekalia moto.

Hatua ya 2: Nozeli na manifoldi

Usinunue nozeli kwa kusikia kwamba fulani amefunga kubwa. Piga hesabu. Silinda moja ya L16 ni karibu sisi 399. Ikijaa hewa ya kawaida bila tabo ni kama gramu 0.47, na kwa mchanganyiko wa hewa 14.7 kwa petroli 1 inahitaji gramu 0.032 za petroli. Nozeli ya sisi 370 kwa dakika inatoa kama gramu 4.5 kwa sekunde, kwa hiyo itafunguka milisekunde 7. Tabo ikisukuma nusu baa hewa inakuwa mara moja na nusu, na hapo tunataka mchanganyiko mzito, 12 kwa 1. Inakuja karibu milisekunde 13, ongeza 1 ya nozeli kuamka, 14. Kwa mizunguko 6000 kwa dakika, silinda inamaliza kazi yake yote ndani ya milisekunde 20. Kumi na nne kati ya 20 ni asilimia 70. Usivuke 85. Basi sisi 370 zinatosha, na gari bado litatulia sailensa (likinguruma bila kukanyagwa mafuta), jambo ambalo nozeli kubwa kupita kiasi hukunyima.

Manifoldi ya asili ni ya aluminiamu. Nilikereza vikombe vinne, nikapeleka kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani vikachomelewa kwa agoni, kila kimoja kikiielekeza nozeli nyuma ya valvu. Baada ya kuchomelea uso wa manifoldi hupinda, usawazishwe kabla ya kufunga. Katikati ya tabo na reli ya nozeli weka bati la kukinga joto. Bati hili dogo limenisaidia kuliko vitu vingi vya bei.

Hatua ya 3: Sensa

Unahitaji ya presha ya manifoldi (ya baa 3, usichukue ya baa 1, haioni tabo), ya joto la hewa, ya joto la maji, na ya throto (mlango wa hewa). Ya hewa ikae baada ya intakula (kipozeo cha hewa ya tabo), karibu na throto. Kwenye puli ya kirenki funga gia ya meno 36 iliyong'olewa jino moja, na sensa yake iwe umbali wa kama milimita 1. Ya mwisho ni sensa ya oksijeni ya aina pana (wideband), inayosoma mchanganyiko, Bosch LSU 4.9. Bila hiyo usiguse kitu, utakuwa unapapasa gizani.

Hatua ya 4: Waya

Erthi zote za sensa zikutane sehemu moja kwenye kompyuta. Erthi za nozeli na koili ziende kwenye bloku, zisichanganywe na za sensa. Pampu ipate rilei na fyuzi yake, na iamrishwe na kompyuta ili injini ikizimika kwa ajali pampu nayo ikate.

Hatua ya 5: Kuwasha

Nimetumia kompyuta ya Speeduino, inayoendeshwa na Arduino Mega 2560. Kwanza chomoa nozeli umeme, piga stata, uhakikishe kwa taa ya taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) kwamba digrii zinazoonekana kwenye puli ndizo zinazosomwa kwenye laptopu. Zikipishana hata 5, rekebisha hapo hapo, vinginevyo kila utakachofanya baadaye kitakuwa uongo. Ndipo urudishe nozeli na kuwasha.

Panga sailensa, halafu mwendo wa taratibu usio na tabo, siku kadhaa. Mimi huenda barabara ya Kibada alfajiri ya Jumapili, mwenzangu akisoma laptopu, dereva asisome. Ukianza kuamsha tabo, anza na mchanganyiko mzito, 11.5, na taimingi uirudishe nyuma karibu digrii 1 kwa kila psi 1 ya presha ya tabo. Ukisikia kugonga (ule mlio wa kokoto), ondoa mguu kwanza, maelezo baadaye.

Maswali ya wanachama

Mdau wa Tabata: Mkuu, nozeli nilizopata nikipima kwa mita zinasoma omu 2.4. Zinafaa?

Hizo ni za omu chache, zitaichoma Speeduino ukizifunga moja kwa moja. Tafuta za omu 12 hadi 16. Ukizipenda sana hizo, funga rezista kwenye waya wa kila nozeli, ila mimi ningezirudisha dukani.

Dada wa Kigamboni: Shikamoo fundi. Langu linakwenda vizuri, likifika mizunguko 3500 linakatakata kama linaishiwa petroli. Pampu nimebadilisha mara mbili.

Marahaba, dada yangu. Pampu iache. Fuata waya wa sensa ya kirenki uone unapita wapi. Ukiambatana na waya za plagi, umeme wa plagi unaingia humo na kompyuta inahesabu meno yasiyokuwepo. Tumia waya wenye ngao, ngao iingie erthi upande wa kompyuta tu. Baadaye pima umbali wa sensa na gia, pengine puli inayumba.

Mdau wa Mbagala: Naweza kuacha distributa (kigawa umeme wa plagi) ibaki nianze na nozeli tu?

Unaweza, na kwa anayeanza ni njia nzuri. Kompyuta itasoma mizunguko kutoka kwenye koili. Ila taimingi utabaki kuitawala kwa mkono, kwa hiyo tabo isizidi pale ilipokuwa salama na kabureta.

Mdau wa Kimara: Kaka, nikipanga hapa Dar halafu nipande Kitonga kwenda Iringa, itanibidi nipange upya?

Hapana, na hii ndiyo raha yake. Hapa pwani sensa ya presha inasoma karibu kilopaskali 101 injini ikiwa imezimwa. Iringa mjini itasoma kama 84 na kompyuta inapunguza petroli yenyewe, wakati kabureta ingekuwa inatoa moshi mweusi. Cha kuangalia Kitonga ni joto. Ni mlima mrefu, tabo inasukuma dakika nyingi mfululizo, na nyuma ya lori intakula haipati upepo. Joto la hewa likipita nyuzi 60, acha lori liende zake.