Kabla hujafundisha nishati mwendo na nishati tuli

Kama umepangiwa Kidato cha Pili na mada ya nishati inakusubiri, usiingie darasani na chaki na kitabu ukadhani mambo yatajipa yenyewe. Mimi niliingia hivyo nilipoanza kazi, na waliolipa ni wanafunzi.

Vizio kwanza. Tungamo kwa kilo, kimo kwa mita, mwendokasi kwa mita kwa sekunde, jibu kwa jouli. Swali likileta gramu, zigeuzwe kabla ya kitu kingine chochote. Mkubaliane pia mapema kama mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani kiasi ambacho mwendokasi wa kitu kinachodondoka huongezeka kila sekunde, mtautumia kama 10 au 9.8, la sivyo nusu ya darasa itakwenda huku na nusu kule, nawe utasahihisha hadi jogoo awike.

Kwenye nishati mwendo kuna mtego wa kipeo cha pili, kwa sababu mwendokasi huzidishwa kwa wenyewe. Unawapa bodaboda inayokwenda kilomita 72 kwa saa. Mwanafunzi anapiga 72 mara 72, anapata 5,184, ndipo anakumbuka kugawanya kwa 3.6 na kuandika 1,440. Alitakiwa kugeuza kwanza: 72 ni mita 20 kwa sekunde, na 20 mara 20 ni 400. Kosa hilo linaongeza jibu zaidi ya mara tatu, na mwenye kosa anaapa kwamba alikumbuka kugeuza. Ni kweli alikumbuka, ila alichelewa.

Halafu safisha neno "nguvu". Mtaani nguvu ni kila kitu: ng'ombe ana nguvu, dawa ina nguvu, gari linapanda mlima kwa nguvu. Ukiuliza nishati ni nini watakujibu ni umeme, kwa sababu ndivyo wanavyosikia kwenye taarifa ya habari. Wape dakika kumi za kutenganisha: kani ni ile ya kusukuma au kuvuta, nishati ni ule uwezo wa kufanya kazi. Usizidishe hapo, wanaelewa haraka.

Sasa tuje kwenye neno "tuli", na hapa naomba usome polepole.

Siku ya kwanza ya mada niliweka jiwe mezani. "Limetulia?" Darasa zima: "Ndiyo, mwalimu!" "Basi lina nishati tuli." Nikarusha kipande cha chaki hadi nyuma ya darasa. "Inakwenda?" "Ndiyo, mwalimu!" "Basi ina nishati mwendo." Somo lilikuwa tamu, vidole juu, kelele za furaha. Mwalimu wa taaluma alipita dirishani akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilitoka nikijiona nimezaliwa kufundisha.

Baada ya wiki mbili nikatoa jaribio. Swali la nne lilikuwa jepesi kabisa: jiwe la kilo 2 linaachiwa kutoka kimo cha mita 20, tafuta nishati tuli na nishati mwendo yake baada ya sekunde moja. Kwa mchapuko wa 10, jiwe hilo limeshuka mita 5, mwendokasi wake ni mita 10 kwa sekunde. Nishati mwendo, yaani nusu ya tungamo mara mwendokasi mara mwendokasi, ni jouli 100. Zimebaki mita 15 kufika chini, kwa hiyo nishati tuli, yaani tungamo mara mchapuko mara kimo, ni jouli 300. Jumla 400, sawasawa na ilivyokuwa jiwe likiwa bado juu.

Karatasi ya kwanza: nishati mwendo 100, nishati tuli sifuri. Nikasema huyu hakusoma. Ya pili, sifuri. Ya tatu, sifuri. Nikaacha mpangilio, nikaichomoa ya binti aliyekuwa anaongoza darasa, niitumie kama mwongozo wa kusahihishia. Sifuri. Yeye alikuwa ameongeza na sababu, kwa mwandiko wake ulionyooka: kwa sababu jiwe halijatulia.

Hiyo sentensi ilikuwa yangu. Nilimfundisha mwenyewe, kwa jiwe na chaki.

Kilichoniuma zaidi ni swali la tatu, juu kidogo kwenye ukurasa uleule. Nilikuwa nimeomba waeleze kanuni ya uhifadhi wa nishati, na binti alikuwa ameiandika bila kukosea neno: nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hubadilika tu kutoka namna moja hadi nyingine. Sentimita nne chini yake, jouli 300 zimepotea hewani, na hakuna aliyeuliza zimekwenda wapi. Darasa la watu zaidi ya hamsini, na waliopata swali la nne walikuwa wawili, wote waliorudia kidato, kwa hiyo walifundishwa na mtu mwingine.

Tatizo limo kwenye jina. Aliyeleta neno la Kiingereza tunalotafsiri kama "tuli" ni mhandisi wa Uskoti, William Rankine, mwaka 1853, na neno lake linahusu uwezo, kitu kilicho akibani ambacho bado hakijatumika. Kwa Kiswahili tukapata "tuli", neno zuri, lakini mwanafunzi analiambatanisha na jiwe badala ya nishati. Mwambie hivi, na umwambie siku ya kwanza: kilichotulia ni nishati, si jiwe. Jiwe linaweza kuwa linaporomoka kama lina wazimu na bado lina akiba ambayo haijaguswa, maadamu kuna mita zilizobaki chini yake. Embe linalodondoka likiwa katikati ya mti na ardhi lina nishati zote mbili kwa wakati mmoja. Ndege ya abiria ikiwa angani vilevile.

Kesho yake nilirudi darasani, nikafuta ubao, nikachora jedwali. Mwanzo: tuli 400, mwendo 0. Sekunde ya kwanza: 300 na 100. Sekunde ya pili, jiwe linagusa ardhi: 0 na 400. Nikawaambia kosa ni langu na kila mtu atapewa alama za swali lile. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Na wale wawili waliopata, mwalimu, wanaongezewa nini?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Tukiendelea. Kimo hupimwa wima. Ubao ukiegemezwa ukutani na gari la kuchezea likishuka juu yake, watapima urefu wa ubao. Wazuie. Na kimo ni kutoka wapi? Lazima mchague sifuri yenu kabla ya hesabu, sakafuni au juu ya meza, mradi msiibadilishe katikati. Mfano wa kulielezea hili ninaoupenda ni wa Mto Ruaha Mkuu. Maji yanapita kwenye mitambo ya umeme ya Mtera, ya megawati 80, na ukisimama pale utasema yamefika chini, yamemaliza kazi. Yanaendelea kushuka hadi Kidatu, yanazungusha mitambo mingine ya megawati 204. Maji yaleyale. Chini ya Mtera ni juu ya Kidatu. Kihansi nako mto si mkubwa hivyo, lakini maji yanashushwa takribani mita 850 kutoka safu za Udzungwa na yanatoa megawati 180. Wapigie hesabu ya mita moja ya ujazo, yaani kilo 1,000 za maji, mara 10, mara 850: jouli milioni 8 na nusu. Darasa litanyamaza.

Kama huna maabara, tafuta udongo laini wa mfinyanzi na gololi. Achia gololi kutoka sentimita 25, kisha nyingine ya aina ileile kutoka mita moja. Kimo kimeongezeka mara nne, mwendokasi umeongezeka mara mbili tu, na mashimo wanayaona kwa macho. Mholanzi mmoja, Willem 's Gravesande, alifanya jambo kama hilo kwa mipira ya shaba nyeupe na udongo miaka ya 1720, na Émilie du Châtelet wa Ufaransa akalitilia mkazo katika kitabu chake cha 1740, wakati wanasayansi wakubwa wengi walikuwa bado wanabishana kama kwenye hesabu mwendokasi uingie kama ulivyo au uzidishwe kwa wenyewe. Wanafunzi wako wakibisha, waambie wako kwenye ukoo mzuri wa wabishi.

Zoezi la pembea nalifanya kila mwaka: dumu la lita tano limejaa maji, kamba ya katani, tawi la mwembe. Mtu anasimama, anaweka dumu kidevuni, analiachia. Linakwenda, linarudi, linasimama kabla kidogo ya kidevu kwa sababu hewa na kamba vimekula kiasi. Sharti: aachie, asisukume, na asisogee mbele. Akisukuma hata kidogo amechangia nishati yake mwenyewe, na atarudishiwa usoni. Nimeona mdomo uliopasuka.

Wanaoshuka na baiskeli kutoka Lushoto kwenda Mombo wanajua nishati inakwenda wapi breki zikikamata: rimu inachemka. Sema hivyo darasani, ila usimtume mtu akaiguse.

Manati nayo ni mfano mzuri, maana mpira uliovutwa una nishati tuli bila kimo chochote, na hapo wanaelewa kwamba kimo si lazima. Uvute wewe, bila jiwe ndani, na ikimaliza kazi uifungie kabatini. Usiwaambie waje nazo kutoka nyumbani. Tawi la pembea likague kabla ya mvua na baada ya mvua. Watu wasikae chini ya kitu kinachoning'inia hata kama ni dakika moja tu. Kamba ikague mwenyewe kila asubuhi ya zoezi, usimtume kiranja.