Duka linalouza sigara Dodoma: jinsi ya kuomba leseni, na sheria inayokusubiri ukishaipata

Nina steshenari hapa Dodoma mjini. Fotokopi zimepungua siku hizi, kazi kubwa imekuwa kuwajazia watu maombi ya leseni ya biashara mtandaoni. Wengi ni wa maduka ya mtaani, Nkuhungu, Chang'ombe, Nzuguni: sukari, sabuni, vocha, na pakiti chache za sigara kwenye rafu ya juu. Haya ndiyo ninayowaambia kila siku kabla sijagusa kompyuta.

Usianze na leseni, anza na TIN, yaani namba ya mlipakodi. Wiki haipiti bila kijana kuniambia, "Kaka, TIN ninayo, niliichukua nilipokata leseni ya udereva." Namuuliza kama ameshawahi kwenda nayo TRA, Mamlaka ya Mapato, kwa ajili ya biashara. Hajaenda. Basi hiyo ni TIN isiyo ya biashara, na kwa duka haikufikishi popote mpaka TRA waibadilishe. Usiombe nyingine mpya, maana mtu mmoja ana TIN moja. Nenda na namba yako ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), barua ya serikali ya mtaa na mkataba wa fremu, yaani chumba cha duka. TIN hutolewa bure, kwa hiyo anayekudai pesa "ya TIN" anadai ya mfukoni mwake.

Hapohapo TRA watakukadiria kodi, na hapohapo ndipo watu wanaposhtuka, kwa sababu ya mkataba wa pango. Mpangaji wa biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Juu yake kuna ushuru wa stempu wa mkataba, asilimia 1. Piga hesabu: fremu ya shilingi 80,000 kwa mwezi ni 960,000 kwa mwaka. Zuio ni 96,000, ushuru wa stempu 9,600. Hiyo 96,000 kwa haki ni ya mwenye nyumba, ilipaswa ikatwe kwenye pesa unayompa. Lakini wenye nyumba wengi ukiwagusia hilo wanakwambia fremu ina wateja wengine. Lizungumzeni kabla ya kusaini. Ukishalipa mwaka mzima mkononi, umeshamlipia na kodi yake.

Ukimaliza makadirio na kulipa ulichotakiwa, unapata cheti cha uthibitisho wa mlipakodi. Bila hicho leseni haitoki.

Sasa ndiyo tunaingia Tausi, mfumo wa TAMISEMI, tausi.tamisemi.go.tz. Leseni ya duka la rejareja ni ya kundi B na hutolewa na halmashauri, kwa huku mjini ni Jiji la Dodoma. Zile za kundi A ziko BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, muuza sukari wa mtaani hazimhusu. Unafungua akaunti kwa namba ya NIDA, unachagua leseni ya biashara, unaweka TIN, aina ya biashara, kata na mtaa, kisha unaambatanisha nyaraka. Angalia sana mtaa. Fremu iko Nzuguni, mwombaji anaandika anakoishi, Makulu, na afisa biashara anayarudisha maombi. Kwenye bidhaa usifiche kitu: kama utauza sigara, mwambie afisa biashara tangu mwanzo, akuelekeze aina inayokufaa. Na kama una mpango wa kuweka bia, ujue vileo vina leseni yake peke yake.

Maombi yakikubaliwa inakuja kontroo namba, yaani namba ya kulipia. Lipa kwa simu au benki, kisha uchapishe leseni na kuibandika ukutani inapoonekana. Hakuna hatua ya kumpa mtu pesa taslimu.

Wengi wakishabandika wanaona yamekwisha, lakini kwa aliyeweka sigara kuna sheria nyingine pale dukani, ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, ya mwaka 2003, na kanuni zake za 2014. Tangu 2021 anayeisimamia ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ile iliyoitwa TFDA hadi 2019. Makao makuu yake yako hapahapa Dodoma, kwa hiyo sisi hatuwezi kusingizia kwamba wakaguzi wako mbali.

Jambo la kwanza la sheria hiyo ni umri: huuzi tumbaku kwa aliye chini ya miaka 18. Maneno mepesi, kazi iko saa moja jioni, mtoto wa darasa la tatu akisimama kaunta na noti ya 1,000 imekunjwa kiganjani: "Shikamoo. Baba kasema sigara mbili na kibiriti." Baba unamjua, ni jirani, na ni kweli kamtuma. Bado huuzi. Mpe kibiriti, mwambie baba aje mwenyewe. Mzee atanuna siku mbili. Ugoro nao ni tumbaku, hata kama bibi ndiye aliyeagiza. Mimi nawachapia wateja wangu karatasi ya "Hatuuzi sigara kwa walio chini ya miaka 18", inapunguza ubishi. Na fremu inayotazama geti la shule, kwa maoni yangu, usiweke sigara kabisa.

La pili ni pakiti zenyewe. Ziwe na onyo la afya na stempu ya kielektroniki ya TRA. Kuna programu ya simu inaitwa Hakiki Stempu: unamulika stempu kwa kamera, inakwambia kama ni halali. Fanya hivyo mbele ya muuza jumla kabla hujalipa, na udai risiti. Katoni ya bei ya chini ajabu kutoka kwenye buti la gari iache iende zake.

Leseni ni ya mwaka mmoja, na unaihuisha kupitia akaunti ileile ya Tausi. Kwa hiyo akaunti ifunguliwe kwa namba yako ya simu, na nywila uiandike wewe, kwenye daftari lako. Kila mwezi naletewa mtu ambaye akaunti yake ilifunguliwa kwa namba ya kijana aliyemjazia mwaka jana, na kijana huyo sasa hapatikani.