Taa kubwa zinafifia kwenye gari la zamani: pima kwanza, betri baadaye

Wakuu, taa zikififia gari likiwa sailensa na kung'aa ukikanyaga mafuta, usikimbilie kununua betri. Mara nyingi umeme upo, unapotelea njiani. Andaa mita ya umeme, msasa laini na spana namba 10.

Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha: volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu. Washa injini, kisha taa na feni. Kwenye temino usome 13.8 hadi 14.5. Zikibaki chini ya 13 hata ukikanyaga mafuta, kagua mkanda, kisha kaboni za altaneta (mashine inayochaji betri) na kata-auti (kidhibiti cha chaji). Tafadhali, usichomoe temino injini ikiunguruma ili "kujaribu altaneta". Volti huruka ghafla, dayodi zinaungua, hata kontrolboksi (kompyuta ya gari) inaweza kufa.

Kama inachaji vizuri, kazi kubwa iko kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia chuma cha gari. Taa zikiwaka, gusa hasi ya betri kwa waya mweusi wa mita na chuma cha injini kwa mwekundu. Rudia kwenye bodi karibu na taa. Ikizidi volti 0.2, ethi ni mbovu. Fungua bolti ya waya wa ethi: kwa magari yanayokula vumbi la Longido na kuoshwa kila wiki, chini yake utakuta kutu au unga wa kijani. Sugua pande zote mbili hadi chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu.

Halafu pima kwenye plagi ya balbu, taa ikiwaka, ulinganishe na betri. Volti zikipungua asilimia 10 tu, mwanga hupungua kama asilimia 30. Balbu mbili za wati 55 hula ampea 9 hivi, na kwenye magari mengi ya zamani zote hupita kwenye swichi iliyochoka. Dawa ni rilei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa) mbili za ampea 30, moja ya fulu na moja ya dimu, waya wa milimita za mraba 2.5, na fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na betri. Balbu za wati 100 si dawa, zinayeyusha plagi.

Swali: Fundi, hafifu ni taa ya kushoto peke yake.

Jibu: Basi betri na altaneta ziache, zingefifisha zote mbili. Angalia plagi na ethi ya upande huo. Kioo cha ndani kikiwa kimechubuka rangi ya fedha, badili taa.

Swali: Niko Moshi, Land Cruiser ya zamani. Nimefunga rilei kwa kufuata mchoro, mguu wa 85 (85 na 86 ni miguu ya koili ya rilei, 87 ndio unaotoa umeme kwenda balbu) nimeupeleka bodi. Rilei hailii kabisa.

Jibu: Toyota nyingi za zamani swichi hukata upande wa ethi, mkuu. Toa 85 kwenye bodi, iunge na waya wa zamani wa fulu, na 86 iunge na ule wa zamani wenye chanya. Balbu ichukue chanya kwenye 87, mguu wake wa pamoja uende ethi.